Mtoto Asiyesikia Hakurogwa

(Mazungumzo ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika)



Tumeombwa tuyaandike hapa yale tuliyoyazungumza mkutanoni. Asiyekuwepo asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Tunasikia maneno kisimani na kilabuni. Mtoto akizaliwa hasikii, watu wanasema karogwa, au mama yake kavunja mwiko. Mama wa watu anarudishwa kwao. Jamani, maneno haya yanavunja nyumba, na wala siyo kweli.

Ukweli ni huu. Yapo magonjwa yanayompata mama akiwa mja mzito, yakapita mpaka kwa mtoto tumboni na kumharibia usikivu.

La kwanza ni rubela. Mtu mzima huona homa kidogo na vipele, siku chache yamekwisha. Lakini kwa mimba changa ni hatari: mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au ana ukungu machoni, au moyo wake una kasoro. Jambo hili lilijulikana mwaka 1941 kule Australia. Daktari wa macho, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Akasikiliza maelezo ya mama zao, akakuta wengi waliugua rubela mimba ikiwa changa. Baadaye ikaonekana kuwa uziwi nao hutokana na ugonjwa huo huo.

La pili ni kirusi kiitwacho saitomegalo. Hiki hakina chanjo, na mama mara nyingi hajui kama anacho. Hukaa katika mate na mkojo wa watoto wadogo. Mtoto anaweza kuzaliwa anasikia, halafu usikivu ukapotea anapokua.

La tatu ni kaswende, ambayo hupimwa kwa damu na kutibiwa kwa penisilini.

Sasa mama huyo ana kosa gani? Hana.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchanje watoto. Tanzania ilianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Mja mzito hachanjwi rubela, kwa hiyo tunamkinga kwa kuchanja watoto wetu wote, wa kike na wa kiume. Anayemficha mtoto wake anamhatarisha mke wa jirani.

2. Mja mzito awahi kliniki, na mumewe aende naye wapimwe wote wawili.

3. Mja mzito anawe kwa sabuni kila akishamsafisha mtoto au kumfuta kamasi. Asile makombo ya mtoto wala kutumia naye kijiko kimoja.

4. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, au aliyefika miezi 6 hageukii sauti, apelekwe zahanati bila kungoja. Akionekana hasikii, afundishwe lugha ya alama mapema, na sisi wa nyumbani tujifunze pamoja naye. Huyo si mjinga, akili yake ni nzima.

La mwisho. Akina mama wamelalamika kwamba siku ya kliniki inagongana na siku ya mizani. Tumekubaliana: siku hiyo mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni apimiwe mazao yake kwanza, awahi kliniki. Akina baba, tusinune kwenye foleni.



Katibu