Tusiache pori la Ubundu liishie ndani ya gunia la makala

Maneno kwa vijana wa Kisangani



Leo hatukuja kuzungumza juu ya uchaguzi wala juu ya fulani na fulani. Tunataka kuzungumza juu ya mto na pori. Kuna wenye wanasema hayo ni mambo ya wazungu wa mazingira. Hapana. Ni mambo ya chungu, ya mvua, ya kurant na ya pesa ya mfukoni.

Tuanze na mto. Kati ya Ubundu na Kisangani, Lualaba inashuka maporomoko saba, umbali wa karibu kilomita 100. Wabelgiji, pamoja na nguvu zao zote, hawakuweza kupitisha meli pale. Ikabidi wajenge reli ya kilomita 125, na mwaka 1906 reli ikaunganisha mji wetu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Kwa hiyo mahali reli inaanzia na mahali inaishia, si mkoloni aliyechagua. Ni maji na mawe. Na yale maji yenye yanazuia meli, ndiyo yanawalisha Wagenia: wanasimamisha miti mikubwa katikati ya mkondo, wanafunga vikapu vyao, maji yenyewe yanaleta samaki.

Mto huu umegawanya hata wanyama. Upande wa kusini wa mto Kongo kuna bonobo. Upande wa kaskazini kuna sokwe. Ni ndugu wa damu, lakini hawajui kuogelea, na kwa miaka mingi sana maji yakawatenga mpaka kila mmoja akawa na tabia yake. Leo bonobo wa porini hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, ni Kongo yetu tu.

Sasa tuingie porini. Wengi wetu tunaona pori kama miti imesimama tu. Ukweli ni kwamba kule ndani kila mmoja iko na kazi yake. Tembo anakula matunda hapa, anatembea kilomita nyingi, anaacha mbegu kwenye mavi yake kule mbali. Kuna miti yenye mbegu kubwa sana, na bila tembo mbegu zake zinaozea chini ya mama yao. Tembo akiuawa juu ya pembe, siyo mnyama mmoja ameenda: mpandaji wa miti ameenda.

Tazameni tena limbali. Mbegu yake ni nzito, inaanguka karibu, na chini ya udongo mizizi yake inaungana na uyoga. Uyoga unaleta chakula kutoka udongoni, mti unaulipa kwa sukari. Ndiyo maana limbali inaweza kushika eneo kubwa peke yake. Na sapelli je? Kwenye majani yake wanaishi mbinzo, wale wale tunanunua sokoni kwa sahani. Sapelli ikikatwa ikawa mbao, mbinzo nao wanaenda, na mama mwenye alikuwa anawauza anabaki na beseni tupu.

Halafu mvua. Sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo inatoka kwenye pori lenyewe: mizizi inavuta maji, majani yanayarudisha hewani, mawingu yanayabeba, yanaanguka tena mbele. Shamba la mpunga la Ubundu linanyweshwa na miti yenye iko mbali sana nalo. Ukikata huku, unakausha kule.

Na wenyeji wanalijua pori kuliko vitabu. Mwaka 2007 watafiti waliona kwa mara ya kwanza tumbili fulani katika teritwari ya Opala, hapa hapa Tshopo. Mwaka 2012 dunia ikatangaziwa kwamba ni aina mpya. Mpya kwa nani? Watu wa pale walikuwa wanamwita lesula tangu zamani, na dunia ikachukua jina lao.

Basi shida iko wapi? Simama kwenye barabara ya Ubundu asubuhi, hesabu baiskeli zenye zinaingia mjini zimebeba makala. Kila gunia lilikuwa mti. Lakini tusiwatukane bapapa wenye kuchoma wala bamama wenye kuuza. Mtu wa kijijini anatafuta ada ya shule na dawa. Mtu wa mjini anapika na makala sababu kurant inakuja na kukatika, nayo gazi ni ghali. Tuko na mto Tshopo wenye uliwekewa bwawa la umeme tangu wakati wa Wabelgiji, tuko na maporomoko saba nyuma yetu, na bado tunachoma pori ili kuchemsha pondu! Hiyo siyo ulegevu wa mwananchi. Ni swali kwa wale wanaoongoza.

Zamani shamba lilikuwa linaachwa lipumzike miaka mingi, miti inarudi. Siku hizi, juu mji unakula sana, watu wanarudi kukata mapema, udongo unachoka, na shamba linasogea mbali zaidi ndani ya pori.

Kwa hiyo tunasema hivi:

Moja, umeme wa Kisangani utengenezwe na uongezwe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kulinda pori.

Mbili, vijiji vya Ubundu visaidiwe kupata misitu yao ya jamii. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa hadi hekta 50.000. Karatasi hizo zisiwe za wenye kujua ofisi peke yao. Vijana wenye wamesoma sheria, shukeni kijijini mzifafanue.

Tatu, miti ya makala ipandwe karibu na mji. Yangambi wamekwisha kupanda akasia zenye zinakomaa haraka. Na sisi tunaweza.

Nne, mbao na pembe zenye zinapita usiku bila karatasi, tuulize kwa sauti: zinatoka wapi, na nani amekula?

Katiba yetu, artikeli ya 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na inaongeza kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu, vyote viwili. Tembo anapanda, uyoga unalisha, mto unabeba. Kila mmoja anafanya kazi yake bila mshahara. Sisi wenye tuko na mdomo, kazi yetu ni kusema na kusimama.

Tusimame basi.