Waranti Imekwisha, Je, Haki Nayo Imekwisha?

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Kathonzweni, baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, na wewe msomaji ambaye hukuwahi kufika siku hiyo: shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu mtukufu. Najua koo zimekauka na jua la Kathonzweni halina huruma, kwa hivyo sitawaweka sana. Leo nazungumzia laptopu. Msicheke! Subirini, mtaona inavyotuhusu.

Wengi wenu mwaijua ile laptopu ya vijana, kipakatalishi kama wasemavyo walimu wetu wa Kiswahili. Tulichanga mwaka mzima, tukainunua mpya Nairobi tarehe 10 Machi 2023 kwa shilingi 52,000, na waranti ya mwaka 1. Kazi iliyofanya si haba. Wazee walijaziwa ritani zao za KRA kabla ya 30 Juni, waliomaliza kidato cha nne waliombewa nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, na watu wakahudumiwa kwenye eCitizen bila kupanda gari kwenda Wote. Na ndani yake mlikuwa na kitu kizito kuliko hivyo vyote: orodha ya familia zinazopelekewa zakatul fitri. Nani mjane, nani ana mayatima wangapi, nani mgonjwa hawezi kuja mwenyewe.

Waranti ikaisha tarehe 10 Machi 2024. Tarehe 21 Machi, Ramadhan imeshaanza, laptopu ikazima. Siku 11 tu! Ukibonyeza, kimya. Taa haiwaki, feni haizunguki.

Tukapiga simu dukani. Jibu lilikuwa fupi: poleni, waranti imekwisha. Basi.

Hapo mmoja wetu akaichukua risiti, akaitazama, akasema, "Tarehe hii imeandikwa kwa kalamu. Hiyo 1 ya 10 ni rahisi kuwa 3. Tukisema tulinunua tarehe 30, bado tuna siku 9." Nitawaambia ukweli: sikusema hapana. Nilinyamaza. Nilikuwa nikihesabu shilingi 52,000, nikihesabu zile familia, na nikajiambia kwamba duka lile halitakosa chakula kwa ajili yetu. Kijana mdogo aliyeketi mlangoni ndiye aliyeuliza, "Kwani leo hatujafunga?" Hakuwa akihubiri, aliuliza tu. Risiti ikarudi kwenye faili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye faida. Tulipoacha kutafuta uongo ndipo tulipokumbuka ukweli. Laptopu ile haikuugua siku ile. Tundu la chaja lilikuwa likicheza tangu Oktoba 2023. Tulikuwa twaupinda waya hivi, twaweka kitabu chini yake, ndipo ipokee chaji. Na tarehe 3 Novemba 2023 tulikuwa tumelitumia duka ujumbe wa WhatsApp pamoja na video. Wakajibu, "Mkija mjini mtuletee." Hatukwenda. Nauli, shughuli, kesho, keshokutwa. Hilo ni kosa letu na nalikiri. Lakini ule ujumbe ulikuwa bado upo kwenye simu.

Ndugu yangu, shika neno hili hata ukisahau mengine yote: tarehe ya kufa si tarehe ya kuugua. Ukiwa na ushahidi kwamba kasoro ilianza ndani ya waranti na muuzaji akaambiwa, huna haja ya kughushi chochote.

Na hata pasipo waranti, haki ipo. Waranti ni ahadi ya duka au ya kiwanda. Sheria ni kitu kingine. Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika 1931. Inasema kwamba mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani akikuuzia, bidhaa hiyo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Na ukimweleza unaitakia kazi gani ukategemea ujuzi wake, basi iifae kazi hiyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ikaja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, ambayo haikubali muuzaji aandike kwenye karatasi yake maneno ya kuzifuta haki hizo. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameweka hesabu kabisa: muuzaji anawajibika kwa miaka 2 kwa uchache. Kwetu sheria haikutaja miezi. Kwa hivyo kila jambo litatazamwa lilivyo: kitu kilikuwa cha bei gani, kimetumiwaje, kimeharibika wapi.

Wanazuoni wetu wa fiqhi nao walilizungumza jambo hili kabla ya stima kuvumbuliwa. Wanaliita khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyofichika, iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa kitu, ana hiyari ya kukirudisha. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi huku kwetu, ukishaijua kasoro wafaa useme mara moja. Ukiendelea kutumia kama kwamba umeridhika, umejifungia mlango mwenyewe. Mwaona? Sisi tulikaa na kitabu chini ya waya miezi mitano!

Na upande wa pili ni huu: kama uliiangusha, kama mtoto aliimwagia chai, kama ulitumia chaja ya bei rahisi isiyolingana na mashine, hiyo si aibu ya muuzaji. Usimbebeshe mtu mzigo wako kwa sababu tu ana duka kubwa.

Haya, laptopu ikizima wewe ufanye nini? Nitaeleza tulivyofanya.

Kwanza, tulia. Chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 30, kisha ujaribu tena kwa chaja nyingine ya aina ileile. Ikiwaka lakini kioo ni cheusi, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, tatizo ni mwanga wa kioo wala si mashine nzima. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni. Ukisikia harufu ya kuungua, usijaribu lolote, acha.

Pili, okoa kilichomo kabla ya chombo. Mashine kufa si lazima diski ife. Fundi aliitoa diski yetu, akaiweka kwenye kifuko chake cha nje, na tukaisoma kwenye kompyuta nyingine. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ule ufunguo wa namba 48. Wengi huupata kwenye akaunti yao ya Microsoft. Kabla hajafungua chochote tulipiga picha mashine yote, skrubu na stika zake, pasije pakasemwa tumechezea. Diski ilibaki kwetu. Siri za wajane ni amana, hazipelekwi dukani.

Tatu, mwambie fundi aandike. Fundi wetu wa Wote alipima kwa mita, akakuta tundu la chaja limeachia kwenye madabodi, na pembeni pameungua. Tulimwomba asitengeneze kwanza, aandike alichokiona, aweke tarehe na sahihi.

Nne, andika barua kwa adabu. Barua yetu ilikuwa ukurasa mmoja: tulinunua lini, kasoro ilianza lini, tuliwaambia lini, fundi amesema nini, twataka nini. Tuliambatanisha nakala ya risiti na ule ujumbe wa Novemba. Hatukuomba laptopu mpya, tuliomba itengenezwe. Na tukaandika waziwazi kwamba waranti imepita kwa siku 11, wala hatukuwaficha kwamba tuliambiwa tuilete tukachelewa.

Je, wangekataa kabisa? Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, waweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua dai. Kaulize kwenye ofisi ya mahakama iliyo karibu nawe. Lakini pima: ukienda na kurudi mara nne, nauli yaweza kumeza haki unayoitafuta.

Sisi hatukufika huko. Mara ya kwanza walikataa. Tukaituma barua tena, kwa meneja. Wiki iliyofuata walituita: wao kazi, sisi kipuri, shilingi 3,500. Hatukushinda kila kitu, na kwa kuchelewa kwetu naona ilikuwa haki. Laptopu ilirudi baada ya Idi. Lakini orodha ilitoka kwenye diski, ikaandikwa kwa mkono daftarini, na fitri zilifika kabla ya swala ya Idi, nyumba kwa nyumba.

Mwisho, nina neno kwa ninyi vijana mnaouza simu na vifaa hapa sokoni. Nyinyi ndio duka la mtu. Mteja akija na malalamiko, andika tarehe hata kama huna nafasi siku hiyo. Kasoro unayoijua, itaje kabla ya pesa kuingia mfukoni. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula cha muuzaji, akakuta chini pamelowa, akamkemea kwa kuficha. Leo lile rundo ni betri iliyochoka ndani ya simu iliyong'arishwa.

Na wewe mnunuzi, ukirudi nyumbani leo fanya mambo mawili. Piga picha risiti zako zote, maana wino wa zile karatasi za mashine hufutika. Kisha andika kwenye kalenda mwezi mmoja kabla ya waranti yako kwisha, na siku hiyo ikifika ikague mashine yote: tundu, betri, kibodi, kioo, feni. Ukikuta kinachocheza, sema siku hiyohiyo.

Yule kijana aliyeketi mlangoni ndiye sasa anayetunza faili la risiti. Hatukumpigia kura, sote tuliona ndiye anayefaa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.