Mkono Umwinukiao Muuguzi



Nawashukuru kwa kunikaribisha niyanene haya ya wauguzi hapa Kyebando, Kampala, kwa sababu mtaa huu u karibu na kilima cha Mulago penye hospitali, na muuguzi atokaye zamu akiwa ameifunika sare yake kwa koti hupita katika vichochoro ambavyo ninyi mwavijua zaidi yangu.

Mwezi wa Machi 2001 Serikali ya Uganda ilifuta ada za matibabu katika hospitali na zahanati zake, isipokuwa katika wadi za kulipia, na wagonjwa wakafurika, ila dawa hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Hivyo jamaa wa mgonjwa, aliyekwisha kusikia kwamba tiba ni bure, akiambiwa aende dukani akanunue glavu na dripu, humtazama yule aliyemwambia, naye humwona ndiye mwizi, akampiga kofi. Sikatai kwamba wamo waliouza dawa zilizopigwa chapa ya serikali. Lakini kofi hilo humwangukia aliye karibu, na mwenye dhamana ya kulijaza kabati la dawa yuko ghaibu, hasikii hata kishindo chake.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba baina ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hupatwa na jeuri ya mwili wakati fulani katika utumishi wao, na walio wengi zaidi hutukanwa au kutishwa. Lakini madhila yenyewe hayamo katika hesabu. Yupo mama muuguzi anayeitwa “musawo”, yaani tabibu, kwa heshima asubuhi na kutukaniwa wazazi wake jioni, ambaye usingizi umemhama, ambaye mlango wa wadi ukisukumwa kwa nguvu moyo humruka, na ambaye hamshtakii mkubwa wake kwa kuchelea kuulizwa, “Ulimfanyia nini?” Huyo hatimaye hujifunza kusema maneno machache na kutomtazama mtu machoni, na mgonjwa ajaye kesho, asiyejua lolote la jana, huuita ukimya huo kiburi, akakasirika, na fitina ikaanza upya. Kwangu mimi, hasara hiyo yapita jeraha lenyewe, kwa kuwa mdomo uliopasuliwa kwa kofi hupona kwa siku chache.

Wala ulinzi wa muuguzi dhidi ya jeuri hauishii mlangoni pa hospitali: Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuridhiwa na Uganda Agosti 2023, waihesabu hata njia ya kwenda kazini na kurudi kuwa ni mahali ambapo mfanyakazi astahiki kulindwa.

Basi nawasihi, enyi jamaa wa wagonjwa: mkilikuta kabati tupu, mdaini aliyepaswa kulijaza. Nanyi mnaosimamia hospitali, muuguzi akija kushtaki sikilizeni kwanza, na zamu yake ikiisha usiku, mpeni gari limfikishe hadi mlangoni kwake, hapa Kyebando.