KAKAO YETU NA MAKOPO 24



Tumeombwa tueleze tunavyotengeneza kakao ya unga, ile mnayoinunua kwetu mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi unapovuma hapa Dodoma.

Kakao yenyewe hailimwi huku kwetu kwenye ukame. Inataka mvua nyingi, kama kule Kyela. Sisi tunanunua unga wake dukani, ule usiotiwa sukari. Vipimo ni hivi: maziwa ya unga vikombe 2, kakao kikombe 1, sukari kikombe 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Sukari itwangwe iwe laini, la sivyo itajitenga na kushuka chini ya kopo. Chekecha vyote pamoja mara tatu. Kwa kikombe kimoja weka vijiko 3 vya chakula, koroga kwanza na maji ya moto kidogo mpaka iwe kama uji mzito, ndipo ujaze. Ukimwaga maji yote mara moja inafanya mabonge, maana kakao ina mafuta.

Sasa tuseme na lile tusilopenda kulisema. Mwaka wetu wa pili tulikopa kwenye mfuko wa kikundi, tukajaza makopo 24. Wiki mbili tu, yakarudi karibu yote: unga umeganda kama jiwe, mengine yameota ukungu. Makopo yalikuwa hayajakauka. Tukamlaumu mwenzetu aliyeyaosha, naye akaacha kuja vikaoni. Lakini ukweli tuliujua: yeye alisema yaanikwe mpaka kesho yake, sisi ndio tuliokuwa na haraka ya kuwahi mnada. Tulikwenda kwake sote, tukamwomba radhi. Wateja tukawarudishia fedha zao, deni tukaligawana sawa kwa sawa, tukalimaliza kwa miezi mitano.

Tangu hapo makopo yanaanikwa juani siku nzima, na anayeyakagua ni yeye. Leo ndiye mweka hazina wetu.

Kwenu wanachama wapya ombi letu ni moja: mkipata hasara, kaeni mhesabu pamoja kabla ya kutafuta wa kumlaumu.

Kakao ipo meza ya nyuma, karibuni muionje.