Namba za Daftari Lako: Kupima Presha Nyumbani



Kwa miaka mingi mgonjwa wa shinikizo la damu alifunga safari hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa, apimwe na kuandikiwa dawa zilezile. Tangu kuzinduliwa kwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza mwaka 2019, huduma hiyo imekuwa ikisogezwa kwenye vituo vya afya na zahanati. Sehemu yake nyingine imeingia majumbani mwetu. Tabibu hutaka kuona daftari la vipimo ulivyojipima mwenyewe, na kwa namba hizo huamua kuongeza dawa, kuipunguza au kuibadili.

Hapo ndipo sisi tunaosimamia dawa na vifaa tiba tunapoguswa. Mashine isiyo sahihi yaweza kukumezesha dawa usiyoihitaji, au kukunyima unayoihitaji.

Chagua mashine yenye mkanda wa kufungwa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi zaidi. Kabla ya kununua, pima unene wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, kisha ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Siku ya kliniki nenda na mashine yako, ilinganishwe na ya kituo.

Pumzika dakika 5, ukiwa umeegemea kiti, nyayo zikigusa sakafu, na mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Usizungumze. (Mashine inayozungushwa sebuleni wageni wakicheka haimpimi mtu yeyote.) Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, na uandike namba zote.

Zote, nasisitiza. Wapo wanaoficha namba kubwa kwa kuogopa kukaripiwa, na wapo wanaoacha dawa kwa kuwa wiki nzima namba zimekuwa nzuri, ilhali huenda ni dawa hiyohiyo iliyozishusha. Kipimo kimoja kikubwa kisikufanye uongeze kidonge kwa uamuzi wako, pumzika, urudie. Lakini kikifika 180 kwa 120, pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na daftari uende nalo.