Tatizo si Bodi, ni Kiungio

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakazi wa Tanga na Pangani wanalijua hilo, maana upepo wa bahari hauchagui: hula bati la paa, hula na redio iliyomo ndani.

Redio inapokatika sauti, mara nyingi mwenyewe huambiwa, "Bodi imekufa." Hulipa, au huitupa. Kumbe bodi ni nzima. Kinachougua ni kiungio, yaani pale pini inapoingia kwenye soketi. Chumvi na unyevu huzaa kutu, na kutu huzuia umeme kupita. Pini ikilegea, kila mtikisiko huikwangua na kutu huota upya. Ndiyo maana pini za vyombo vya thamani hupakwa dhahabu, ambayo haishiki kutu. Mara nyingi unene wake haufiki sehemu 1 ya 1,000 ya milimita.

Jambo la pili ni kinga. Waya unaobeba mawimbi dhaifu, kama ule wa antena, huvikwa wavu wa shaba ili kelele za mota zisiingie. Wavu huo hauna budi kushikana na bati la chombo pande zote. Ukiachwa unaning'inia, redio itakoroma.

Kwa mvuvi wa Kigombe anayesubiri taarifa ya upepo, mkoromo huo si mchezo. Basi, ndugu fundi, kabla ya kuihukumu bodi, safisha pini, kaza soketi, rudisha wavu mahali pake. Nawe mwenye redio, kabla ya kulipa uliza: kiungio kimekaguliwa? Kwaherini.