Nani Alitangulia Buna? Twende kwa Miguu Tukaulize

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya sala ya Alasiri)



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu yangu msomaji, nataka tutembee pamoja ndani ya Buna. Si kwa gari wala kwa pikipiki. Kwa miguu, tukiwa na mzee anayekumbuka. Lakini kabla hatujavaa viatu, nina kisa changu, na ndani yake mkosa ni mimi.

Nilikuwa darasa la tano hivi, tumepeleka mbuzi kisimani. Mtoto mwenzangu akasogeza mbuzi wake, nami nikamwambia mbele ya watu: "Nyinyi rudini nyuma, mlikuja juzi tu." Hakunijibu kitu. Akawarudisha nyuma, na zamu ilikuwa yake!

Miaka ikapita, nikaenda kuomba kitambulisho. Nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi, na babu wa babu je? Nikajibu yote, lakini nikaangaliwa kama mtu aliyekuja juzi. Wallahi, nilimkumbuka yule mtoto.

Tunalalamika, na ni haki yetu kulalamika. Mwaka 1926 serikali ya mkoloni iliifunga NFD yote, mtu haingii wala hatoki bila ruhusa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakahakikiwa upya, wakapewa kadi ya pili. Februari 2025 tu ndipo Rais, akiwa Wajir, alipotangaza kuuondoa ule uhakiki wa ziada wa vitambulisho. Sawa. Lakini hebu tuulizane: swali tulilolichukia ofisini, mbona tunaulizana wenyewe kisimani? Nani mwenyeji, nani mgeni? Jamani, kwa swali hili damu imemwagika huku kwetu.

Sasa tuanze kutembea.

Kituo cha kwanza ni visimani. Waborana wana mtu anaitwa aba herega, kazi yake ni kupanga zamu ya kunywesha mifugo. Mpangilio wa namna hii ni elimu ya watu wanaohama. Aliyewahi kufika kwa wenzake akiwa na kiu ndiye anayejua thamani ya zamu. Na Wasomali wana neno sheegad, mtu au ukoo uliojiunga na ukoo mwingine ukapata ulinzi na malisho. Muulize mzee wako taratibu. Huenda ukagundua kuwa wa kwenu nao waliwahi kupokelewa.

Kituo cha pili ni sokoni. Simama dakika tano, usikilize tu. Kiborana hapa, Kisomali pale, Kiswahili katikati. Maduka ya mwanzo katika vituo vya NFD yalifunguliwa sana na Waarabu, Wahindi, na Wasomali wa Isaaq na Herti. Na hili neno "buna", kwa Kiborana ni kahawa, ile inayokaangwa na maganda yake kwa samli. Kahawa yenyewe imetoka Ethiopia! Hata kikombe cha mgeni ni mhamiaji.

Kituo cha tatu ni barabara ya Moyale. Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale, wakateremka mpaka Buna hii. Mwanzoni mwa 1941 wakarudishwa. Kwa hiyo wako waliokuja na bunduki wakaenda zao, na wako waliokuja na mifugo, na bidhaa, na chaki ya kufundishia. Hawa wa mwisho tusiwaweke kapu moja na wale wa kwanza. Mwalimu wa kutoka bara aliyekufundisha kusoma naye ni sehemu ya historia ya kijiji chako.

Kituo cha nne ni makaburini. Hapa tusiseme mengi, tutoe salamu na dua. Udongo hauulizi nani alitangulia.

Ndugu msomaji, kuhama si aibu katika dini yetu. Masahaba wa mwanzo walikimbilia Habasha, upande huu huu wetu wa Afrika, wakapokewa na mfalme ambaye hakuwa wa kabila lao. Kisha Mtume (S.A.W) mwenyewe akahama Makka mwaka 622, na Ansari wa Madina wakagawana na Muhajirina nyumba na chakula. Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane. Na kujuana kunataka kutembeleana.

Basi matembezi haya tuyawekee adabu ili yadumu. Kwanza, tusizidi kumi, na tuanze jua likipungua. Pili, kisimani mifugo ipite kwanza, tusizibe njia. Tatu, usimpige mtu picha bila idhini. Nne, tusiache taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na mbuzi akiimeza anakufa. Tano, akija mgeni wa mbali akalipa kama wanavyolipa Lamu kutembezwa vichochoroni, pesa ziende kwa mzee aliyesimulia na kwa mama muuza maziwa. Sita, tuandike wanayosema wazee, na daftari likae madrasa. Mzee akiondoka na habari zake, hatuna pa kuzinunua.

Tutamalizia msikitini, tufuturu sinia moja.

Na yule mwenzangu wa kisimani? Yupo Buna. Mwaka huu, kabla ya kuingia Ramadhan, nilimwendea nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema alishasahau. Sidhani kama alisahau. Yeye ndiye atakayetuongoza kwenye visima, na mimi nitatembea nyuma yake.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.